Debe la Chai: Kuingiza Mapumziko Kwenye Timu Inayolipwa kwa Debe

Nasimamia watu 14 kwenye godauni la dagaa hapa Kirumba, Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni. Dagaa wanakuja kwa magunia kutoka visiwani. Sisi tunatoa mchanga, furu (visamaki vingine vidogo vya ziwani) na waliovunjika, tunapima, tunafunga. Ni kazi ya kuinama, na analipwa mtu kwa debe alilochambua.

Mwaka jana nilipelekwa semina ya afya kazini, nikarudi na moto wangu. Nikatangaza mbio za Jumamosi alfajiri hadi Capripoint. Wiki ya kwanza walikuja watano, ya pili watatu, ya tatu tulikuwa mimi na mlinzi, naye alikuwa anaelekea kwake tu. Sikuwaza kwamba akina mama wale kila siku wanashuka kwa miguu kwenye mawe ya Mabatini, mwingine na mtoto mgongoni. Wapungukiwe na yote, si mazoezi.

Kwa hiyo ukitaka kuanza, usianze na unachokipenda wewe. Mimi nilichukua boksi, nikalipasua, nikachora mtu mbele na nyuma, nikalibandika nyuma ya mlango. Nikawaambia kila mmoja aweke alama ya mkaa panapomuuma, kisha nikatoka nje. Utoke kweli, ukisimama pale watakuwekea alama moja ya adabu kichwani. Niliporudi kiuno kilikuwa cheusi tii, magoti yanafuatia, na machoni alama nne za vumbi. Mmoja alikuwa ameweka alama chini ya kitovu. Hiyo sikuielewa hadi nilipomuuliza Mama mmoja mtu mzima, tukiwa wawili. Akacheka: "Dada, tunabana mkojo."

Choo cha karibu ni cha kulipia, shilingi 200. Mtu akienda mara tatu, 600 zimeondoka, na muda wa kuchambua umeondoka nazo. Basi wanawake walikuwa hawanywi maji kuanzia asubuhi hadi jioni, kwenye joto lile la bati. Na mimi nilikuwa nimeshanunua ndoo ya bomba na vikombe, nashangaa maji hayaishi! Nikaongea na kijana wa choo: aweke alama kwenye daftari kila anapoingia mtu wetu, tunamlipa Jumamosi. Wiki hiyo hiyo ndoo ikaanza kujazwa mara mbili kwa siku.

Hapo ndipo nikaona mahali pa kuanzia, na kama utachukua jambo moja kwangu, chukua hili: fungua daftari la malipo kwanza. Anayelipwa kwa debe, ukimwambia apumzike umemkata mshahara. Atakuitikia "sawa dada" na mikono yake itaendelea. Nilikaa na mahesabu jioni mbili. Mchambuzi wa kawaida kwetu anamaliza debe nane kwa siku, kwa hiyo dakika 15 mara mbili ni kama nusu debe. Nikamwomba bosi amwandikie kila mtu nusu debe ya bure. Wenyewe wakaliita debe la chai, ingawa ni nusu.

Bosi hakukubali siku ile. Usiende kwake na maneno ya semina, nenda na mzigo. Kwa wiki mbili niliandika saa ambayo kila gunia lililorudishwa na mteja lilichambuliwa, na karibu yote yalikuwa ya baada ya saa nane mchana, macho yamechoka, mchanga unapita. Nikamkumbusha pia, kwa upole, kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apewe mapumziko ya angalau dakika 60, na mama anayenyonyesha apewe hadi saa mbili kwa siku kumnyonyesha mwanawe. Ile saa moja ya mchana tulikuwa tunaila nusu. Gunia lilimshawishi kuliko sheria, lakini zote mbili zilikuwa mezani.

Chagua siku za kuanza. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika na mzigo hupungua. Nilianzisha chai ya saa nne wakati wa mbalamwezi, watu wana nafasi ya kuizoea. Ubaya wake ni kwamba mbalamwezi ndiyo siku za mfuko mtupu, kwa hiyo usiwachangishe hata shilingi mia. Chai na viazi vilitoka kwenye fedha ya godauni.

Kunyoosha viungo kumekuja kwenyewe, wakati birika linazunguka. Mikono ukutani, kiuno nyuma, goti moja moja. Anayeongoza ni yule Mama wa choo. Mimi nikiongoza inakuwa amri. Magunia sasa yanabebwa na wawili, na turubai la kuchambulia tumelipandisha juu ya chanja lenye urefu wa kiuno. Fundi alilifanya la kiume, wafupi wamewekewa mbao za kukanyagia. Sakafu tunainyunyizia maji kabla ya kufagia, lakini mzigo ukishatoka, maana dagaa akipata unyevu umemharibu.

Moyo wa mtu ni mgumu zaidi. Ukiuliza "mzima?" utajibiwa "mzima" hata na aliyelala njaa. Mimi siku hizi nauliza kitu chenye jibu: jana umelala saa ngapi, mtoto amerudi shule? Kijana mmoja wa mizani aliniambia hivyo hivyo, huku anafunga gunia, kwamba halali kwa sababu ya deni. Sikuwa na fedha ya kumpa. Tulimhamishia zamu ya asubuhi ili jioni apate kibarua kingine, na hilo sijui kama ni afya au ni kumchosha zaidi.

Giza likirudi, magunia yanapanda hadi darini na chai ya pili inakufa. Nimeacha kupigana nayo. Ya saa nne haiguswi, ya pili inasubiri mwezi.