Vitambaa vya mto wa kufumia lesi: vya kuchagua na vya kuepuka

Lesi ya bobini (vijiti vidogo vinavyozungushiwa uzi), ile ya Honiton na Bedfordshire kule Uingereza au ya Bruges nchini Ubelgiji, hufumwa juu ya mto mgumu wenye kielelezo, yaani mchoro uliotobolewa matundu ya kuchomekea pini. Kitambaa kinacholazwa chini ya bobini ndicho kinachoamua kama uzi utateleza vizuri au utanasa kila dakika. Kwa hiyo anza nacho.

Chukua popilini ya pamba iliyofumwa kwa karibu, isiyong'aa wala kuwa na maua. Kwa mto wa kipenyo cha sentimita 45, kipande cha sentimita 45 kwa 60 kinatosha. Uzi mweupe unataka kitambaa cha bluu iliyoiva au kijani kibichi. Hariri nyeusi, kama ya lesi ya Chantilly, inataka rangi hafifu. Satini iache: bobini hubingirika na misokoto ya uzi hufumuka. Taulo na mahameli ni mbaya zaidi, kwa sababu manyoya yake huingia ndani ya lesi na hayatoki. Kaniki inafaa sana, ila huchuja rangi. Ifue kwa maji ya moto mpaka maji yatoke safi, kisha sugua sehemu yenye unyevu kwa kitambaa cheupe. Ikiacha alama, rudia.

Pinda ukingo mara mbili, sentimita moja kila mkunjo, bila kutia urembo. Bobini za Bedfordshire zina pete ya shanga mwishoni, na waya wa pete hiyo hushika uzi wowote uliolegea. Za Honiton hazina shanga, lakini ni nyepesi, hivyo mshono ulioinuka huzisukuma kando.

Kabla ya kukitandika, kikunje kwa upana ili ukingo uliokunjwa, usio na mshono, uelekee lesi. Uache sentimita 3 hadi 5 za kielelezo wazi chini ya pini unayofanyia kazi. Kaza pembe kwa pini na uzididimize mpaka vichwa vilale sawa na kitambaa. Pini iliyosimama itazungukwa na uzi, na utakata uzi ukiutoa. Kazi ikishuka, shusha na kitambaa.

Kitambaa cha pili, sentimita 70 kwa 70, ni cha kufunika mto wote unapoondoka, kuzuia vumbi na jua. Usitumie nailoni: hufungia unyevunyevu, pini za chuma hushika kutu, na doa la kutu kwenye lesi ni gumu mno kutoka. Pwani hasa, nunua pini za chuma kisichoshika kutu.

Vifaa vingine ni vichache: kishikizo cha pini na ndoano ya milimita 0.6 ya kuungia sehemu za lesi. Kwa kusafirisha mto, shona lastiki juu ya utepe wa pamba, kila nafasi itoshe bobini moja, ili jozi za bobini zisichanganyike njiani.