Fundi wa Tanga, shahada inaombwa hivi: mlango wa faundesheni ya Chuo Kikuu Huria

Nimeandika haya kwa ajili ya yule aliyesomea ufundi, sasa ana kazi yake Pongwe au bandarini, na kila akiulizia shahada anajibiwa kuwa hana sifa. Mara nyingi sifa anayo, ila anagonga mlango usio wake.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, na kina kituo hapa hapa mkoani. Husomi kwa kuacha kazi wala kuhamia Dar.

Kwanza jue unasimama wapi. Stashahada yenye GPA (wastani wa alama zako) ya 3.0 kwenda juu, pamoja na ufaulu wako wa kidato cha nne, inakuruhusu kuomba shahada moja kwa moja, usipoteze mwaka. Ikiwa chini ya hapo lakini haipungui 2.0, au una cheti cha NTA (ngazi za tuzo za vyuo vya ufundi) ngazi ya 5, au ulimaliza kidato cha sita ukaambulia pointi 1.5, basi faundesheni, yaani masomo ya maandalizi kabla ya shahada, ndiyo yako. Mwenye cheti cha VETA ngazi ya 3 na vyeti vya kidato cha nne aanzie NTA ngazi ya 4 kwanza. Ni mwendo mrefu, lakini unafika.

Sasa toa vyeti vyote, vitandike mezani, usome majina herufi kwa herufi. Hapa ndipo watu wa Tanga tunapokwama. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mwanahamisi, cha kidato cha nne Mwanaamisi, na kitambulisho cha NIDA kimebeba jina la babu ambalo shuleni halikuwahi kutajwa. Tofauti ya herufi mara nyingi hutatuliwa kwa kiapo mbele ya wakili. Jina likiwa jingine kabisa, utahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, na hiyo si kazi ya siku moja. Ianze kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.

Kisha fungua barua pepe yako mwenyewe. Mimi nilijaziwa fomu kwenye steshenari moja Ngamiani, kijana akatumia barua pepe yake "ili mambo yaende haraka". Majibu yalipotoka alikuwa keshahama mji, na nywila kaondoka nayo. Nililipia maombi mara mbili. Kujaziwa si kosa, ila hakikisha anuani na namba ya simu ni zako, na nywila umeiandika kwenye daftari lako.

Kwenye fomu ya mtandaoni utaulizwa namba ya mtihani wa kidato cha nne na mwaka wake. Uliyesoma shuleni namba yako inaanza na S; uliyerudia kama mtahiniwa wa kujitegemea una P. Ukiwa nazo zote mbili, jaza zote, maana ufaulu wako huenda umegawanyika. Mwenye stashahada anayeomba shahada achukue kwanza namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, kutoka NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi.

Ukifika kwenye mkondo, yaani sanaa, sayansi au biashara, nyanyua mkono kidogo kabla ya kubonyeza kitufe. Ili faundesheni ikuvushe kwenda shahada unatakiwa GPA ya 3.0 katika masomo sita ya msingi, na angalau C katika masomo matatu ya mkondo wako. Nimeona mafundi umeme wakikimbilia sanaa kwa kudhani ni mteremko, halafu mwaka ukiisha shahada wanayoitaka inadai sayansi. Chagua shahada kwanza, mkondo ufuate.

Malipo ni jambo dogo: mfumo unatoa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, unatunza ujumbe.

Ukipokelewa, nenda kituoni ukasajiliwe, na siku hiyo usiwe waja leo waondoka leo. Kaa, uliza ada inalipwaje kwa awamu, na uondoke na ratiba ya mitihani mkononi. Mitihani utaifanyia kituoni, ana kwa ana, kwa hiyo toa nakala ya ratiba hiyo umpelekee msimamizi wako wa zamu wiki hiyo hiyo.