Kufuatilia East Lynne jukwaani Australia na New Zealand, hatua kwa hatua

Mwongozo huu nilimwandikia mwanafunzi wa fasihi aliyetaka kujua tamthilia hii ilichezwa wapi na lini katika makoloni ya Waingereza. Hadithi yenyewe, iliyotoka kwenye riwaya, ni hii: Lady Isabel anamwacha mumewe Carlyle na kutoroka na Levison, kisha anarudi nyumbani kwake kwa jina la Madame Vine, mwalimu wa kuajiriwa wa watoto wake mwenyewe.

1. Fungua hifadhi mbili za mtandaoni za magazeti ya zamani: Trove kwa ya Australia na Papers Past kwa ya New Zealand. Zote ni bure.

2. Tafuta "East Lynne" ndani ya alama za kunukuu, kuanzia 1862, kwenye matangazo pekee. Ongeza neno Isabel au Theatre, la sivyo wauza vitabu watakujazia skrini, maana riwaya ya Ellen Wood ya 1861 ilinunuliwa mno. Jaribu pia "Eaat Lynne" na "East Lynn". Kompyuta iliyosoma kurasa hizo chakavu hukosea herufi.

3. Sasa jiulize: ni East Lynne ya nani? Hapa ndipo saa zinapoteketea. Sheria ya Uingereza wakati huo haikumkataza mtu kugeuza riwaya ya mwenzake kuwa mchezo, kwa hiyo waandishi waliivamia. Huko Marekani, Clifton Tayleure aliandika ya kwake kwa ajili ya mwigizaji Lucille Western, 1862. Ya John Oxenford ilichezwa Surrey Theatre, London, 1866. T. A. Palmer akatoa ya kwake Nottingham, 1874. Makoloni yalipokea waigizaji kutoka Uingereza na pia kutoka California kwa njia ya Pasifiki, kwa hiyo usidhani moja kwa moja kwamba matini ilitoka Uingereza. Ukikuta jina la mwandishi kwenye tangazo, shukuru. Usipolikuta, nakili orodha yote ya wahusika, hata watumishi, uilinganishe na matini zilizochapwa. Lakini angalia: kundi dogo lilipunguza wahusika bila haya, hivyo mhusika aliyekosekana hathibitishi kitu. Aliyeongezeka ana uzito zaidi, ingawa naye si hati ya kiapo.

Kile kilio maarufu cha Isabel juu ya maiti ya mwanawe Willie, kwamba mtoto amekufa bila kumwita mama, hakimo katika riwaya. Kwa kawaida huhusishwa na Palmer, kwa hiyo usimpe mwigizaji wa miaka ya 1860 kwa mazoea tu. Na tamthilia ya *Miss Multon*, iliyochezwa New York 1876 kutoka Kifaransa, ni ndugu tu wa East Lynne, si East Lynne yenyewe. Iwekee safu yake.

4. Tangazo si onyesho. Soma gazeti la kesho yake utafute uhakiki, kwani mchezo ungeweza kubadilishwa dakika ya mwisho. Kundi likipotea Melbourne, soma habari za meli: mara nyingi abiria wa daraja la juu walitajwa kwa majina, na huenda ukamwona mwigizaji wako wa Isabel akielekea Dunedin, New Zealand.

5. Weka kila kitu kwenye jedwali la kawaida: tarehe, mji, jumba, aliyecheza Isabel, matini ya nani, gazeti na ukurasa. Programu za kompyuta za kupanga marejeo sizipendi kwa kazi hii; zinapanga vitabu, hazipangi usiku wa maonyesho. Safu ya matini iache tupu usipokuwa na ushahidi. AusStage, hifadhidata ya mtandaoni ya maonyesho ya Australia, ifungue mwisho, kulinganisha tu, kwa sababu karne ya 19 humo ina mapengo.