Kuvua kwa mshipi Mwanza msimu wa vuli: samaki wako kina gani

Mvuvi anayeendelea na mazoea ya Julai hupata taabu ikifika Oktoba. Pale pale kwenye mita 25 alipokuwa akinasa sangara wakati wa kusi, sasa chambo hai kinarudi kimekufa na hakuna aliyekigusa. Samaki hawajaisha, wamepanda.

Sababu yake ni hii. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusi na baridi ya usiku huyakoroga maji ya Ziwa Victoria toka juu hadi chini, na oksijeni inafika mpaka sakafuni. Kuanzia Septemba upepo unalegea, jua linapasha maji ya juu, nayo yanakaa juu ya yale ya baridi bila kuchanganyika. Maji ya chini yanabaki na oksijeni iliyokuwamo tu, na mwani uliokufa unaooza huko chini unaimaliza. Hali hii hukomaa Januari hadi Machi, lakini vuli ndipo inapoanza. Sangara ni miongoni mwa wa kwanza kuikimbia. Kambale na kamongo hawana habari nayo kwa sababu wanapanda kupumua hewa.

Kusini kabisa mwa Ghuba ya Mwanza maji ni mafupi, hivyo upepo wa mchana mmoja unatosha kuyachanganya tena. Maelezo ya hapa yana uzito zaidi ukitoka kwenda Igombe, Kayenze, Ghuba ya Speke, au njia ya kwenda Ukerewe. Ni kwa anayetumia mshipi wa mkono au fimbo; wa nyavu na migonzo (kamba ndefu zenye ndoano nyingi) wana hesabu zao.

Pima kabla ya kutega

Tengeneza kipimo chako mwenyewe. Chukua chubwi la risasi la gramu 150 hadi 200 na mita 30 za kamba ya kusuka. Usitumie nailoni, inavutika na itakudanganya. Piga fundo kila mita moja, na kila baada ya mita tano funga kitambaa chekundu. Kwenye kitako cha chubwi chonga tundu kwa ncha ya kisu, kisha lijaze sabuni ya kipande iliyolainishwa kwa maji kidogo.

Teremsha, gusisha chini mara mbili, pandisha, halafu soma sabuni. Ikiwa imeshika chembe za mchanga, hapo ni pa sato, hasa kama kina ni mita moja hadi nne. Ikiwa imekwaruzwa na haina kitu, chini kuna mwamba: furu, samaki wadogo wa ziwa, wanakaa humo na sangara anawavizia pembeni. Ikirudi na tope laini la kijivu, si pabaya, ila tafuta ukingo ambapo tope linakutana na mawe. Ikirudi na tope jeusi linalonuka yai viza, ng'oa nanga uondoke. Hilo ni tope la mahali pasipo na oksijeni, na hakuna chambo kitakachokusaidia.

Kipimo cha pili ni furu hai. Mtoboe mdomo wa juu kwa ndoano ndogo, mteremshe na chubwi mpaka mita moja kabla ya kugusa chini, na umwache dakika 10. Mpandishe taratibu. Akifika juu anapiga mkia, kina hicho kinafaa. Akifika amelegea huku mashavu yamefunguka, weka furu mwingine na upande mita tatu. Rudia mpaka upate anayerudi mzima, kisha tega mita moja au mbili juu ya hapo. Zoezi zima ni nusu saa, na wengi hawalifanyi kwa sababu wanaona ni kupoteza chambo. Furu watatu ni bei ndogo kuliko asubuhi nzima ya kukaa juu ya maji yaliyokufa.

Kama huna furu wa kujaribia, usianze na mita 25. Anza na 6 hadi 12, karibu na mwamba unaoshuka ghafla.

Mvua za kwanza na rangi ya maji

Mvua ya kwanza kubwa ndiyo mbaya kuliko zote. Mto Simiyu unaosha vumbi la miezi mitano, samadi na mabaki ya mashamba, vyote vinaingia Ghuba ya Speke upande wa Magu. Mto Mirongo unafanya hivyo hivyo na taka za mjini. Maji yanakuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na sangara, anayewinda kwa macho, haoni. Mwachie mdomo wa mto siku tatu au nne. Baadaye tafuta mstari ambapo maji ya tope yanakutana na maji ya kijani. Huwa unaonekana wazi ukisimama ndani ya mtumbwi, mara nyingi umebeba povu na majani. Tega upande wa maji safi, mita 10 hadi 20 kutoka kwenye mstari.

Kupima uwazi wa maji chukua sahani nyeupe ya bati yenye upana wa sentimita 20 hivi, itoboe matundu matatu, ining'inize kwa kamba ikae bapa, na uizamishe upande wenye kivuli cha mtumbwi. Ikipotea kabla ya nusu mita, achana na sangara uvue kambale. Ikipotea kati ya nusu mita na mita moja na nusu, hali ni nzuri kwa siku nzima. Ukiiona hata zaidi ya mita mbili, tumia mshipi mwembamba, na uvue alfajiri na jioni tu.

Maji yakiwa kijani kizito kama yamemwagiwa rangi, ni mwani uliochanua. Usiyanywe wala kuoshea samaki, na samaki wa hapo toa matumbo na maini yote.

Kuna siku utakuta samaki wanahema juu ya maji, au sangara wakubwa wanaelea wamekufa bila jeraha. Mara nyingi upepo umeyasukuma maji ya juu upande mmoja, na yale ya chini yasiyo na oksijeni yameibuka upande mwingine, ule ambao upepo unatokea. Hamia ufukwe ambao upepo unaelekea kama mawimbi yanaruhusu. Samaki waliokwisha kufa usiwaokote kuuza. Hujui wamekufa saa ngapi wala kwa nini. Mwarifu afisa uvuvi au viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa fukwe) wa mwalo wako.

Saa za kutoka na saa za kurudi

Usiku na alfajiri upepo wa Mwanza hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mchana hugeuka. Upepo wa alfajiri unadanganya: pwani maji yametulia kwa sababu yamekingwa na vilima, ila ukitoka kilomita mbili unakuta mawimbi, na kurudi unapiga kasia dhidi ya upepo. Tena ngurumo za katikati ya ziwa hukomaa usiku wa manane mpaka asubuhi, wakati za nchi kavu ni za alasiri. Kwa mtumbwi mdogo, muda salama wa vuli ni saa 12 hadi saa 5 asubuhi, ukibaki mahali unapoweza kufika ufukweni ndani ya dakika 20. Sikiliza utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) wa Ziwa Victoria jioni kabla ya kulala. Ukiona wingu jeusi lenye ukingo mweupe chini na upepo wa baridi ukavuma ghafla, kunja mshipi papo hapo. Laza fimbo chini, vaa jaketi la kujiokolea (lilipaswa kuwa mwilini tayari), elekea ufukwe ulio karibu hata kama si wa kwenu.

Vifaa vya sangara

Mshipi wa nailoni wa milimita 0.70, mita 100, umekunjwa kwenye kibao. Mbele yake weka kiungo cha chuma kinachozunguka ili mshipi usijisokote, kisha kipande cha milimita 1.0 chenye urefu wa sentimita 80. Kipande hicho usikiruke: meno ya sangara ni kama msasa, na ukingo wa shavu lake unakata mshipi mwembamba mara moja. Ndoano iwe na mwanya wa sentimita 2 kutoka ncha hadi shina. Usinunue kwa namba tu, kwa sababu kwenye ndoano za kawaida namba ikipanda ndoano inapungua, na kila mtengenezaji ana vipimo vyake.

Chambo ni furu au kambale mdogo wa sentimita 10 hadi 15. Kambale anadumu hai muda mrefu zaidi. Mtoboe chini kidogo ya ngozi ya mgongo, nyuma ya kichwa, bila kugusa uti. Dagaa wabichi wanafaa pia, ila wanapatikana zaidi usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazifanyi kazi na mitumbwi ya dagaa hupumzika, hivyo panga chambo mapema.

Sangara akishika utasikia pigo moja, kisha mshipi unakimbia. Hesabu mpaka tatu, kaza, halafu usiulegeze tena. Huruka juu ya maji na kutikisa kichwa, na ndoano nyingi hutoka hapo, mshipi unapolala. Akikaribia kuruka, shusha mkono au ncha ya fimbo karibu na maji.

Vifaa vya sato

Mshipi wa milimita 0.30, boya dogo, chubwi la gramu 3 hadi 5, na ndoano yenye mwanya wa milimita 6 hadi 8. Nyungunyungu ni chambo kizuri. Kikombe kimoja cha ugali mgumu uliopoa, kilichokandwa na vijiko viwili vya dagaa wa kusaga na kijiko kimoja cha unga wa ngano, kinadumu zaidi kwenye ndoano. Bila ngano kinayeyuka kabla boya halijatulia. Kitonge kiwe cha ukubwa wa punje ya harage. Tupia konzi mbili za pumba zilizofinyangwa na udongo, kisha subiri robo saa bila kugongagonga mtumbwi.

Sato havuti kwa nguvu. Boya linasogea upande au linalala, ndipo unapokaza kwa kiganja, si kwa bega. Wengi wanaolalamika kuwa sato wanakula chambo bure wana ndoano kubwa mno, au wanangoja boya lizame.

Mvua zikishika, kambale huingia kwenye majani yaliyofurika usiku. Vua chini kabisa kwa nyungunyungu watatu kwenye ndoano moja. Usisimame ndani ya maji hayo: kichocho kiko kwenye maji mafupi yaliyotulia yenye majani na konokono, na midomo ya mito ina mamba na viboko. Ukinasa kamongo, kata mshipi. Taya zake zinaweza kuondoka na kidole. Ningu wanaopanda mto wakati huu wanakwenda kutaga, waache wapite.

Vipimo, mipaka na barafu

Piga alama mbili kwenye ubao wa mtumbwi: sentimita 25 na sentimita 50. Sato chini ya ya kwanza na sangara chini ya ya pili wanarudi majini kwa mujibu wa kanuni. Sato jike mwenye mayai au vifaranga mdomoni naye arudishwe, mkono ukiwa umelowa. Sangara mdogo aliyetolewa kina cha zaidi ya mita 10 mara nyingi bondo lake (kifuko cha hewa tumboni) limevimba na hawezi kuzama, kwa hiyo ukipata wadogo watatu mfululizo, hama. Beba leseni ya uvuvi. Kisiwa cha Saanane kiko mbele ya mji lakini ni hifadhi ya taifa, na maji yake hayavuliwi bila kibali cha hifadhi. Rubondo hali kadhalika.

Barafu ni kilo kwa kilo: kilo 10 za samaki, kilo 10 za barafu iliyopondwa, tabaka kwa tabaka, na tundu chini ya boksi la kutolea maji. Toa matumbo na matamvua ndani ya saa moja. Sangara wa kilo nane aliyelala juani mpaka saa 6 mchana, mnunuzi wa Kirumba Mwaloni ataminya tumbo lake mara moja tu, kisha atataja nusu ya bei.