Kupata jozi za namba kwenye arei zinazojumlika kuwa lengo lako

Haya, una arei, yaani orodha ya namba, na una lengo, unataka jozi zote ambazo ukizijumlisha zinatoa hilo lengo. Natumia Python ila lugha yoyote itakubali. Tuchukue hii, lengo letu 10:

namba = [8, 3, 5, 11, -1, 5, 2]

Hatua ya 1: njia ya kizembe. Lupu (mzunguko unaorudia kazi) ndani ya lupu, kila namba inajaribiwa na zilizo mbele yake. Kama lupu ya nje iko nafasi i, ya ndani ianzie i+1, sio 0, la sivyo kila jozi inatoka mara mbili na namba inajijumlisha yenyewe. Kama una namba 20 ishia hapahapa, mi mwenyewe naiachaga hivyo. Ila zikifika 10,000 kompyuta inapima jozi 49,995,000, hapo ndo utaanza kuisikia feni.

Hatua ya 2: geuza swali. Ukishika 8 huna haja ya kumjaribu kila mtu, unajua tayari unayemtafuta ni 2 kwa sababu 10 - 8 = 2, kwahiyo swali linabaki moja tu, huyo 2 nimeshampita? Ndo maana tunaweka seti ya namba tulizokwisha kuziona, maana kuuliza kama kitu kimo kwenye seti ni fasta hata seti ikiwa kubwa.

```
def jozi(namba, lengo):
    nimeona = set()
    for x in namba:
        y = lengo - x
        if y in nimeona:
            print(y, x)
        nimeona.add(x)
```

Fuatilia kwa kalamu: 8, 3, 5 na 11 zinapita kimya, ikifika -1 inamtafuta 11, yupo, jozi ya kwanza hiyo. Afu 5 ya pili inamkuta 5 wa kwanza, mwisho 2 anamkuta 8. Jozi tatu, mzunguko mmoja.

Angalia sana huo mstari wa add uko wapi. Kuna siku niliuweka juu ya if, nikawa napata 5 na 5 kwenye arei yenye 5 moja tu, nikazunguka nayo jioni nzima nikidhani data ndo mbovu, kumbe namba inajikuta yenyewe kwenye seti. Uliza kwanza, ndo uweke.

Hatua ya 3: namba zinazojirudia. Jaribu [5, 5, 5], utapata mistari miwili wakati kwa nafasi zake jozi ni tatu. Kama unahesabu jozi zote, badala ya seti tumia dict inayokumbuka kila namba umeiona mara ngapi, na kila ukiikuta y ongeza idadi yake kwenye jumla: 0, afu 1, afu 2, tayari 3.

Hatua ya 4: memori ikibana. Panga arei kutoka ndogo hadi kubwa, weka kidole kushoto na kingine kulia. Jumla ikiwa ndogo sogeza cha kushoto, ikizidi sogeza cha kulia, ikilingana chukua jozi usogeze vyote. Endelea mradi kushoto < kulia, usiweke <=. Ubaya wake ukishapanga indeksi (nafasi) za mwanzo zimepotea.

Na namba za desimali usizipeleke hivyohivyo, 0.3 - 0.1 kwenye Python inatoa 0.19999999999999998, kwahiyo 0.2 haionekani kabisa. Zizidishe kwa 100 kwanza, na utumie round sio int inayokata desimali tu, maana int(0.29 * 100) inakupa 28.