Waya za meno: ipi inauma zaidi?

Kwa mnaovaa bresi au mnajiandaa kuvaa, msiogope waya unene tu, angalieni na wa madini gani. Zile za mwanzo huwa za nikeli na titani, nyembamba, duara, zinapinda kama uzi, zinavuta meno polepole, lakini ndo hizo hizo zilinitesa kuliko zote kwa sababu meno yalikuwa hayajazoea kabisa, siku ya kwanza ilipita freshi, ya pili hata ndizi mbivu nilikuwa naiponda kwa ulimi. Maumivu huanza masaa machache baada ya kufungwa, yanapanda siku ya kwanza au ya pili, afu wiki ikiisha unasahau.

Baadaye unawekewa za chuma cha pua, ngumu, nyingi za pembe nne. Hizo mimi naona ni presha tu ya siku mbili hivi, shida yake ni ncha ya nyuma kule kwenye magego, ikichomoza inakuchana shavu vibaya mno, so kabla hujashuka kwenye kiti pitisha ulimi kule nyuma, ukihisi kitu kinachoma mwambie daktari aikate hapo hapo. Ukishafika home dawa ni nta, ila kausha waya kwanza na tishu la sivyo haishiki.

Na kama yako ni ile ya nikeli na titani inayoamshwa na joto la mdomo, sukutua maji baridi, inalegea kwa muda kidogo upate kupumua.