Kabla ya kugusa msimbo wa mtu, fungua faili la leseni

Nilipoanza kuandika programu nilikuwa na tabia moja mbaya. Nikichukua faili la msimbo, yaani maandishi ya programu, la mtu mtandaoni, cha kwanza ni kufuta yale maelezo marefu ya juu. Mistari 20 ya maneno ya kisheria, ya nini yanijazie skrini? Nikalitia faili ndani ya programu yangu, nikaisambaza. Wiki chache baadaye nikapata baruapepe fupi yenye adabu kutoka kwa mwenye kazi: amefurahi imenifaa, ila anaomba nirudishe jina lake. Niliona haya. Leseni ile ilikuwa ya MIT, haidai pesa wala haitaki uombe ruhusa. Sharti lake ni moja, kwamba tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni yabaki kwenye nakala. Na hilo hilo moja ndilo nililolivunja.

Siku hizi naanzia kwenye folda ya juu kabisa ya mradi, natafuta faili liitwalo LICENSE au COPYING. Neno “bure” kwenye tangazo halinitoshi. Kiswahili kimetubeba hapa, maana tuna bure na tuna huru, wakati Kiingereza kinatumia neno moja kwa yote mawili, na Richard Stallman, aliyetangaza mwaka 1983 mradi wa GNU wa kutengeneza mfumo huru wa kompyuta, amekuwa akifafanua tofauti hiyo miaka nenda miaka rudi. Programu unaweza kupewa bure na bado usiruhusiwe kuifungua wala kuibadili. Nyingine ni huru kabisa, na inauzwa.

Faili la leseni lisipokuwepo, kimya hicho si ruhusa. Karibu kila nchi hakimiliki huanza pale kazi inapoandikwa, bila kusajiliwa popote. Aliyeweka msimbo hadharani bila leseni amekuonyesha, hajakupa. Mwandikie umuulize, wengi niliowaandikia walikuwa wamesahau tu.

Ukishaipata leseni, jiulize: je, nakala ya kazi hii itatoka mikononi mwangu? Masharti mazito ya GPL, leseni ya mradi ule wa GNU, yanaamka unaposambaza. Ukiibadili programu ukaitumia mwenyewe, hakuna anayekudai msimbo. Ukimpa mteja nakala, umesambaza. AGPL, leseni ndugu yake, inakwenda mbali zaidi: ukiibadili programu kisha watu wakaitumia kupitia mtandao, hata kama iko kwenye seva yako tu, wana haki ya kupewa msimbo wa toleo hilo.

Leseni za MIT na BSD hazina mengi: tunza majina na maneno ya leseni, basi. Apache 2.0 ya mwaka 2004 inaongeza kwamba mafaili uliyoyagusa yaseme yamebadilishwa, na kama kuna faili la NOTICE, usambaze na maelezo yake. Nayo inatoa waziwazi ruhusa ya hataza (haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake), jambo ambalo MIT hailitaji.

GPL ndiyo ya kukaa nayo kitako. Inakuruhusu kubadili, kunakili, hata kuuza, ila unayempa naye apate uhuru ule ule ulioupata wewe, pamoja na msimbo. Toleo la 2, la mwaka 1991, linataka kila faili ulilolibadili liseme hivyo, pamoja na tarehe. Mimi naandika hivi, juu kabisa, chini ya jina la mwenyewe:

Limebadilishwa tarehe 14 Machi: sasa linasoma pia tarehe zinazoanza na mwaka.

Mstari mmoja unatosha. Kwenye kutoa msimbo ndipo nilipojikwaa mara ya pili. Nilimkabidhi mteja programu iliyokwisha kukompailiwa, yaani kugeuzwa kutoka msimbo kuwa faili ambalo kompyuta inaliendesha, pamoja na folda ya msimbo, nikajiona nimemaliza. Fundi wake akajaribu kuikompaili, akashindwa, kwa sababu skripti za kuikompaili zilibaki kwenye kompyuta yangu. GPL inazihesabu skripti hizo kuwa sehemu ya msimbo. Kuna njia nyingine, ya kuambatanisha ahadi ya maandishi kwamba atakayeomba msimbo atapewa, na ahadi hiyo idumu angalau miaka 3. Siipendi. Miaka 3 ni mingi kwa mtu anayesahau nywila yake kila mwezi. Weka kila kitu kwenye kifurushi kimoja, uachane nayo.

Kuchanganya kazi za watu wawili kunahitaji jicho kali. Msimbo wa Apache 2.0 hauchanganyiki na wa GPL toleo la 2 peke yake, ila unaingia kwenye toleo la 3 la mwaka 2007, na programu nzima ikawa chini ya toleo hilo. Kwa hiyo kwenye msimbo wa GPL toleo la 2 tafuta maneno “au toleo lolote la baadaye”. Yakiwepo, mlango uko wazi. Kiini cha Linux hakina maneno hayo. Kimebaki kwenye toleo la 2.

Zamu yako ya kutoa ikifika, chukua leseni iliyopo, usitunge. Douglas Crockford, aliyeieneza JSON, muundo wa kuandika data, aliongeza kwenye leseni yake, leseni ya JSON, sharti kwamba programu itumike kwa mema, si kwa maovu. Linapendeza masikioni, lakini kwa sababu ya sharti hilo Free Software Foundation, shirika la programu huru lililoanzishwa na Stallman, haiihesabu leseni hiyo kuwa huru. Weka maneno kamili ya leseni kama yalivyo, bila kuyatafsiri, halafu juu ya kila faili andika mwaka, jina lako na mstari huu unaotaja leseni kwa kifupi:

SPDX-License-Identifier: MIT

Na uamue mapema, kabla hujapokea kiraka (rekebisho la msimbo) cha kwanza cha mtu mwingine, kwa sababu kila mchangiaji ana hakimiliki ya alichoandika. Nina programu moja ndogo ambayo niliitoa kwa GPL toleo la 2 pekee, kisha nikataka kuihamishia toleo la 3. Wachangiaji walikuwa wanne. Watatu walikubali siku ile ile. Wa nne hajajibu mpaka leo, na kipande chake kina mistari 11. Nimekitoa, na kazi yake naiandika upya kwa njia nyingine.